Ile Picha ya Pili

Swali la kwanza nililomwuliza ni lile ambalo kila kijana mwenye kamera humwuliza mwenzake: anatumia kamera gani. Mama wa studio hakunitajia kampuni wala namba ya toleo. Alichongoa midomo kuelekea mezani, kama watu wetu wanavyoelekeza mikono ikiwa na kazi, akasema, "Hiyo hapo." Kisha akaendelea kumbana mteja vibanio vya nguo mgongoni ili koti limkae.

Niliitazama. Raba ya kushikia ilikuwa imebanduka, na mahali pake fundi viatu alikuwa amebandika kipande cha ngozi ya kahawia. Kamera yenyewe nyeusi. Niliona aibu kwa niaba yake, na papo hapo nikapata nafuu kwa ajili yangu, kwa sababu nilikwisha kusoma kwenye simu kwamba toleo lile limepitwa na wakati. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: niliweza kukutajia upungufu wa kamera ya mtu yeyote, na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kumpiga mtu picha nikaridhika.

Studio yake ilikuwa mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili unaotazama barabara. Upande mmoja duka la pembejeo, upande wa pili fundi cherehani. Yeye aliishi vyumba vya nyuma. Mimi nilikuwa nimetoka Ilula, mkoani Iringa, kuja kusoma chuo, nikamaliza, nikabaki, nikapanga chumba mtaa uleule. Kupiga picha nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video na kusoma mabishano ya watu nisiowajua. Nilijifunza mengi sana kuhusu lenzi. Nikipiga picha ya mtu, kwanza niliikuza kwenye skrini mpaka nione kope. Kope zisipokuwa kali, nafuta. Kwa tabia hiyo, ya mwaka wangu wa kwanza Mbeya karibu sina picha yoyote ya marafiki zangu. Nilikuwa nao kila siku, na kila siku niliwafuta.

Kwa hiyo usinidhanie mwanafunzi wake. Hakuwahi kunifundisha kwa maana ya kukaa na kunieleza. Nilikuwa jirani aliyekuja kukaa kwenye benchi la wateja na kuzuia njia.

Koti la studio lilikuwa jeusi, la mtu mnene. Aliyekuja kupiga picha ya pasipoti bila koti alivalishwa lile, akabanwa nyuma kwa vibanio, mbele akaonekana mheshimiwa. Ukimwona kutoka mgongoni ungedhani ni nguo iliyoanikwa. Mwaka mmoja, usharika wetu ulipochagua wazee wa kanisa, picha za waliopendekezwa zilibandikwa ubaoni, na wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamevaa koti moja. Watu walijikaza mpaka mchungaji alipocheka yeye kwanza. Mama wa studio hakuona cha kuchekesha. "Si mnatafuta watu wa moyo mmoja?" alisema. "Mimi nimewaanzishia."

Koti lilihitaji pasi, na hapo ndipo ugomvi wa kudumu wa mtaa ule ulipoanzia. Huyu mwanamke aliyejibu habari za kamera kwa kuchongoa midomo alipenda mashine za nyumbani kupita mtu yeyote niliyemfahamu. Alikuwa na kikaangio cha umeme, blenda mbili, redio inayowaka taa za rangi, na juu ya vyote pasi ya mvuke aliyoletewa na binti yake. Aliweza kukueleza vitufe vya pasi ile kimoja baada ya kingine. Fundi cherehani naye alikuwa na pasi yake ya mkaa, nzito, nzuri, lakini mkaa una shida zake, basi kila siku alikuwa anaazima ya mvuke. Kuazima anajua. Kurudisha ndiko kulikomshinda.

Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao, na mazungumzo yalipita juu yake siku nzima.

"Fundi!"

"Naam, mama."

"Kitu changu."

"Naimalizia suruali hii moja tu."

"Hiyo suruali ni ya nani, ya tembo? Tangu asubuhi."

"Mama, wewe piga picha. Mambo ya mikunjo niachie mimi."

Nakumbuka wateja waliopigwa picha zao katikati ya mabishano hayo, na sasa nafikiri hakuyachukia hata kidogo. Mteja aliyeingia amekakamaa, akisikia mtu mzima anashtakiwa kwa ajili ya pasi, mabega yanashuka yenyewe.

Taa alikuwa nazo. Mkwewe alimletea mbili, za kusimama, zenye miavuli myeupe. Moja alitundikia koti, nyingine mkoba wake. Taa aliyoitumia ilikuwa mlango. Kiti cha mteja kilikaa pembeni kidogo ya kizingiti, na yeye, akiwa ameshika kamera kwa mikono yote miwili, alisukuma bawa la mlango kwa mguu, akalivuta, akalisukuma tena, huku anaongea habari za bei ya viazi. Mteja alidhani mama ana wasiwasi na upepo. Mimi kwenye benchi niliona uso wa mtu ukijaa na kupungua mwanga, mpaka mahali fulani mguu ukasimama. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka mlima Loleza na mji mzima unalalamika baridi, yeye alikuwa katika siku zake bora. Nilimwambia mara moja kwamba hakuna mwanga wa kutosha. Akatoka nje, akatazama juu, akarudi. "Mungu ametandika shuka mbingu nzima," alisema, "wewe unataka nini tena?"

Usifikiri alikuwa anaililia enzi ya filamu. Vijana walipenda kumwuliza hilo, wakitegemea ataugua na kusema picha za zamani ndizo picha. Aliwakatisha tamaa. Filamu ilikuwa ghali, alisema, dawa zake zilinuka, na ukikosea unajua baada ya wiki, maharusi wameshaanza kugombana. Siku kamera ya kidijitali ilipofika alihamia bila kugeuka nyuma. Nami nilipofanikiwa hatimaye kununua kamera niliyoiota, isiyo na kioo ndani, inayofuata jicho la mtu yenyewe, niliipeleka kwake kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Aliichukua, akafungua mkanda wake mgumu akaniwekea mapajani, akaitumia siku nzima kwa wateja wake.

Nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Nikawaza, picha zikitoka bora kuliko za siku zote, basi nimekuwa sahihi muda wote, kumbe ni mashine. Zikitoka mbaya, basi kamera hii ina siri zinazonihitaji mimi. Jioni tukazitazama. Zilikuwa picha zake. Huyu bibi aliyezuia kicheko, yule askari aliyekaa kama anaogopa kiti: ungeziweka kati ya zile za kamera ya ngozi ya kiatu usingezitenga. "Inawahi kuliko yangu," alisema akinirudishia. "Nzuri. Itunze na vumbi." Akaenda kuangalia kikaangio chake.

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Kesho yake akaniita kutoka mlangoni, "Nyie watu wa Iringa, mkinuna mnanuna na kitanda. Njoo unywe chai."

Kanisani alikuwa na mahali pake. Siku za kipaimara, sisi vijana tulijazana mbele karibu na madhabahu, lenzi ndefu, tukikanyagana, kila mmoja akitaka ule wakati wa mikono kuwekwa kichwani. Yeye alikaa na akina mama, akaimba sauti ya pili, ambayo aliamini anaiweza. Ibada ilipokaribia kwisha alitoka kimya kimya kwenda kusimama nje, kwenye ngazi za pembeni. Nilidhani amechoka. Siku moja nikamfuata. Pale ngazini ndipo watoto walipokimbilia kuvua viatu. Viatu vipya vya kipaimara vinabana, na mtoto amevivumilia ibada nzima na hotuba za wageni. Anakaa, anavua, anakunja vidole vya miguu ndani ya soksi, na uso unamrudia. Hapo ndipo mama wa studio alipowapiga. Mitaa ya Soweto imejaa sebule zenye picha ya mtoto wa shela au suti, ameshika kiatu kimoja, anamcheka mtu ambaye haonekani.

Hayo yote ni tabia. Lakini alikuwa pia na kipimo, na kipimo hicho ndicho kilichonikamata.

Mteja alipokuja kuchukua picha yake, mama wa studio hakumwangalia yeye. Alimwangalia aliyefuatana naye, mke, ndugu, jirani. Alimpa huyo picha kwanza, akasubiri. Kama yule mtu alisema, "Aa, picha nzuri," mama aliichukua tena picha mkononi mwake, akasema, "Rudi kakae kwenye kiti." Bure, bila maelezo. Lakini kama alisema, "Ona alivyobana midomo, keshaanza ubishi," au, "Muone, anajifanya mpole," basi aliitia kwenye bahasha na kazi ikaisha.

Nilimwuliza ubaya wa kusifiwa.

"Amesifu nini?"

"Picha."

"Na mtu yuko wapi?"

Akaniambia nimletee zangu. Nilichagua zile kali kabisa, kope zote zimehesabika, nikamletea. Akamwita fundi cherehani kutoka upande wa pili, akaja na mkanda wa kupimia shingoni. Akazipitia kwa heshima, moja moja.

"Picha nzuri," alisema fundi. "Kali. Hii kamera ni balaa."

Mama wa studio alinyanyua birika. Alinimiminia chai.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu: kupiga picha ya mtu, niionyeshe, na aliyeonyeshwa asahau kwamba ni picha. Niliandika kwenye simu mipango ya namna ya kukifikia, nikafuta, nikaandika tena.

Kuna kazi nyingine aliyoifanya, na watu wa nje ya huku huenda wasiijue maana yake. Kwetu mtu akifa, anayetangulia mbele ya jeneza hushika picha yake ndani ya fremu. Msalaba, picha, kisha jeneza. Tatizo ni kwamba mzee wa kijijini mara nyingi hana picha yake peke yake. Msiba ukitokea familia inahangaika, inachukua picha ya harusi ya mtu, inamkata mzee kutoka kwenye kundi, inamkuza mpaka anakuwa ukungu. Mama wa studio alikuwa na kisa alichopenda kukirudia, cha mzee mmoja wa milimani aliyekatwa hivyo, na wakashindwa kuliondoa bega la mtu aliyesimama naye. Bega lile lilikuwa la jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba maisha yao yote. "Wakamtanguliza mpaka kaburini na bega la adui yake," alisema, "na mwenye bega yupo pale anasindikiza."

Kwa hiyo kila mzee aliyekuja kwake kwa picha ya kitambulisho au ya bima, alimpiga ile, akamvua koti la studio, kisha akamwambia, "Kaa kidogo. Hii ya pili ni ya wanao." Hakuficha maana yake, na wazee hawakuitafuta. Walinyoosha kola zao wenyewe. Wengine walikuja kwa ajili ya hiyo tu. Nakumbuka mzee mmoja mkulima wa viazi aliyerudi kila baada ya mavuno kuibadilisha. "Ile ya mwaka jana nimekonda," alilalamika. "Watu watasema nilikufa kwa njaa." Mama akampiga upya, na upya, na kila mara wakabishana kuhusu kofia.

Yeye mwenyewe hakuwa na picha. Nilitafuta ukutani, kwenye makasha, kwenye kompyuta yake: wajukuu, kwaya, maharusi, yeye hakuna. Ukimwelekezea kamera aligeuza uso au akaomba ashike yeye. Alikuwa na ile ya kitambulisho tu, aliyopigwa ofisini na mtu aliyekuwa na haraka, na ndani yake amefanana na mtu anayesubiri kuhojiwa.

Bibi yangu aliuza nyanya na vitunguu Ilula, kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama. Nilipomweleza mama wa studio kwamba nakwenda nyumbani kumpiga bibi ile ya pili, alifurahi. Akanipa ushauri mmoja: "Kwanza kauze naye nyanya. Kamera iache ndani."

Niliuza naye asubuhi moja. Baadaye mwanga ukawa mzuri, nami nikashindwa kujizuia. Nilimkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta wa udongo, nikamtoa kilemba kwa sababu kilikuwa kinatupa kivuli, nikamrudishia, nikamwomba atazame huku, inua kidevu, shusha. Lenzi niliyoazima ilikuwa ya ajabu. Bibi alinitii kwa kila kitu, naye alikuwa mtu asiyemtii yeyote. Nilipopata picha iliyonasa kila mkunjo wa uso, nikajiona nimefika.

Alifariki baada ya masika. Mimi ndiye niliyetangulia na fremu. Nilipotoka nayo mlangoni watu wakiwa wamejipanga, mama mmoja aliyekuwa akiuza naye kando ya barabara aliitazama, akamnong'oneza mwenzake, nami nilikuwa karibu vya kutosha kusikia. "Picha nzuri," alisema. "Nani kapiga?"

Nilitembea mpaka makaburini nimeshika picha nzuri.

Niliporudi Mbeya nilimweleza mama wa studio. Nilitegemea aseme mwanangu usijilaumu. Alisema pole ya msiba, akafunga bawa moja la mlango ili wateja wajue ana mgeni, kisha akauliza, "Bibi yako alikuwaje?"

Nikaanza. Nikamweleza jinsi abiria alivyokuwa akichomoa kichwa dirishani kudai punguzo, na bibi anamjibu kwa Kihehe makusudi, ingawa Kiswahili anakijua, ili abiria achanganyikiwe na basi liko mbioni kuondoka. Jinsi alivyokataa kuongeza nyanya hata moja, akatukana kidogo, kisha basi likianza kutembea anakimbia nalo na kurusha mbili za nyongeza dirishani, na uso wake umekunjwa bado kama anayemfukuza mwizi. Nilimwiga. Mama wa studio alicheka mpaka akajifuta macho na ukingo wa kitenge, na kutoka upande wa pili wa ukuta fundi naye alikuwa anacheka.

"Huyo unayenisimulia," alisema alipotulia, "ndiye ungempiga."

Akafungua tena lile bawa la mlango.

Baada ya hapo nilihamia Iringa mjini, napiga harusi na mahafali, na nasema bila kujificha kwamba ninaifanya kazi hii vizuri. Siku hizi nakaa na familia kabla ya kufungua begi. Wateja wanarudi. Lakini nyumbani bado nakuza kope, na kile kipimo nilikuwa sijakipita. Ndugu na marafiki wanazitazama kazi zangu na kusema yale maneno mawili, nami nashukuru kwa adabu.

Mwezi wa saba uliopita mama wa studio alinipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Iringa."

"Njoo. Nataka ile ya pili."

Nilikaa kimya.

"Mbona kimya, nani kafa?" alisema. "Mimi mzima. Njoo na mashine yako."

Nilipanda basi na mabegi mawili. Kamera, na kamera ya akiba, lenzi nne, kitambaa cha kurudisha mwanga, betri za kutosha kupiga harusi ya chifu. Njia nzima, kupita Makambako na njia panda ya kwenda Ubaruku, nilipanga mahali pa kumkalisha, nikapangua. Nilipoteremka Mbeya nilikuwa nimeshakosea picha ile mara nyingi kichwani.

Nilimkuta amekaa nje ya studio anachambua maharage, ukungu umefunika nusu ya mlima. Macho yake, akaniambia kabla sijauliza, yana mtoto wa jicho, na amepangiwa upasuaji. Studio hafungui tena ila kwa watu wanaong'ang'ania.

"Watanirudishia macho, siogopi," alisema. "Lakini nimekaa nimefikiri. Mimi siku yangu ikifika, wanangu wana ile ya kitambulisho tu. Nitangulizwe na ile?"

"Hapana, mama."

"Basi. Nifanyie kazi."

Nilitoa kila kitu. Akanitazama nikitandaza vifaa juu ya benchi lilelile nililozoea kukalia nikizuia njia. "Umehama au umekuja kutembea?" aliuliza. Nikamweka kwenye kiti pembeni ya kizingiti. Nikasukuma bawa la mlango kwa mguu, nikalivuta, na mwanga ukaja kama ulivyomjia kila mtu pale. Nikainua kamera.

Mama wa studio alikuwa amekakamaa kama ubao.

Sikuamini. Huyu aliyewalegeza askari na maharusi, shingo imenyooka, mikono magotini, midomo imefungwa. Alikuwa ni yule mtu wa kwenye kitambulisho. Nilibadilisha lenzi. Nikamwomba ainue kidevu, akainua, kwa utii uleule wa bibi yangu. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa naipiga tena picha ya Ilula.

"Unaongea na hicho kidude," alisema bila kusogeza midomo. "Mimi niko huku."

Nilishusha kamera, nikaishikilia tumboni kama yeye alivyokuwa akiishika. Nikauliza bei ya viazi. Akanitajia, kisha akakakamaa tena. Mbinu hiyo alikuwa anaifahamu, ni yake. Nikatazama huku na huku nikitafuta cha kusema. Koti la studio lilikuwa bado linaning'inia kwenye taa ya mkwewe, limejaa mikunjo kama limetafunwa.

"Mama," nilisema, "hili koti mbona hivi? Pasi iko wapi?"

Mgongo wake ulitoka kwenye kiti.

"Pasi?" Kichwa kiligeukia ukuta wa mbao, jicho moja likawa dogo, mdomo ukachongoka kuelekea kwa fundi, na pumzi ikajaa kifuani kwa ajili ya maneno yote yaliyokuwa yanakuja. Chini ya hasira ile palikuwa na kicheko kinasubiri zamu yake. Mkono wangu ulikwisha kubonyeza. Nadhani kamera ilikuwa bado usawa wa kifua changu, sikumbuki kuiinua.

"Pasi muulize huyo mtu wako!" alimalizia, kisha akanitazama. "Umepiga?"

"Nimepiga."

"Ngapi?"

"Moja."

Kidole changu kilikuwa tayari kinaelekea kwenye kitufe cha kukuza. Huenda ukali ulikuwa umeangukia kwenye sikio badala ya jicho. Huenda ukingo wa mlango umeingia. Nilikiondoa kidole, na naomba uniamini kwamba ilinigharimu.

Nikamsogezea skrini. Akaikaribia, akaisogeza mbali, akatikisa kichwa. "Naona weupe tu na weusi. Mpelekee fundi. Usimwambie kitu."

Fundi cherehani alikuwa ameinamia mashine, pini mbili mdomoni, amezungukwa na vipande vya kitambaa cha sare. Nilimwamkia, nikamwekea kamera chini ya macho, juu ya suruali aliyokuwa anaishona. Nilisubiri yale maneno mawili ya Ilula.

Aliitazama skrini. Akatoa pini mdomoni, moja, na ya pili. Akavuta kiti nyuma kidogo, akapapasa chini ya meza kwa mguu mpaka kitu kizito kikagonga sakafu.

"Sasa ndiyo unitazame hivyo?" alisema, na hakuwa anasema na mimi. "Naileta, mama. Nimalize upindo huu tu, naileta."